Fundi anayeonja ukuta kabla ng'ombe hajauonja

Saa moja kasoro asubuhi, Bernadina Hhando analamba ukuta.

Hafanyi mzaha. Amepiga goti kwenye kona ya nyumba ya Bibi Marieta, kata ya Balangdalalu wilayani Hanang, mwiko mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa umeegemea lipu mpya ya udongo. Anatoa ncha ya ulimi, anagusa, anafumba macho. Anahesabu kimya kimya mpaka kumi. Kisha anatema pembeni, anasogea hatua mbili na kupiga goti tena.

Mgongoni kwa Bibi Marieta, ndani ya khanga, yumo Sara, binti wa Bernadina mwenye umri wa miezi tisa. Mtoto anamwangalia mama yake kwa makini sana, halafu naye anatoa ulimi.

"Ona mwanafunzi wako," anasema Bibi Marieta akicheka. "Umeshamharibu."

"Udongo mtamu, Bibi," Bernadina anajibu bila kugeuka. Kwake yeye udongo mtamu ni ule usio na chumvi hata chembe. Anasogea tena hatua mbili. "Na hapa mtamu. Na hapa."

Ukuta mzima utaonjwa hivyo, pande zote nne, kwa sababu leo Jumamosi si siku ya kawaida. Saa kumi na moja jioni ng'ombe kumi na mmoja wa Bibi Marieta watarudi kutoka malishoni. Wiki nzima hawajapewa chumvi wala magadi. Wakifika wataachiwa wazunguke nyumba kwa saa nzima, wafanye wanavyotaka.

Wakianza kuila lipu, nyumba inabomolewa Jumatatu. Wakiiacha, nyumba inabaki.

Makubaliano hayo hayapo kwenye karatasi. Yalifanyika uwanjani hapa mbele ya majirani wanne, baina ya Bibi Marieta mwenye miaka sabini na mbili na mwanawe mkubwa, Sylvester, mfanyabiashara wa Katesh. Sylvester ana uhakika wa jibu. Tangu Alhamisi ameshaleta matofali ya saruji mia sita ya nyumba mpya. Yamepangwa karibu na ua wa miba, yamefunikwa turubai la bluu.

"Fundi aseme anachosema," anaeleza Bibi Marieta, akimpapasa Sara mguu. "Mwanangu Sylvester aseme anachosema. Mimi nimesema ng'ombe ndio watakaokagua. Wao hawana upande."

Ni vigumu kuelewa jambo hili bila kurudi nyuma miaka mitatu, siku Bernadina alipoifanya kazi ambayo mpaka leo akiitaja anajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani.

Bernadina, mwenye miaka thelathini na nne, alizaliwa Tlawi, Mbulu, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Ufundi alifundishwa na baba yake, marehemu Baltazar Hhando, aliyekuwa akikarabati nyumba za watu kuanzia msingi mpaka kofia ya bati. Akiwa darasa la sita alikuwa tayari anajua kusimamisha timazi na kuunyoosha ukuta. Alipomaliza shule hakuna aliyemuuliza atafanya kazi gani, alichukua mwiko tu akaendelea.

Miaka mitatu iliyopita, aliposhuka Hanang kwa mara ya kwanza kutafuta kazi, aliitwa na Bibi Marieta. Nyumba ilijengwa mwaka 1976 na marehemu mume wa bibi, Yohanes, kwa matofali mabichi aliyoyakanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Ilikuwa imesimama vizuri, ila udongo wa nje ulikuwa umekwanguliwa na mvua. Bibi alitaka ipigwe lipu ya saruji, ing'ae kama za wenzake.

"Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali, lori moja laki na nusu," anasimulia Bernadina. "Nikatembea tembea, nikafika kule pembeni mwa ziwa. Jamani, nikakuta mchanga! Mweupe, laini, kama umechekechwa kwa ungo. Na bure! Nilifurahi kama mtu aliyeokota simu."

Akakodi punda wa kubeba. Akajaza. Akapiga lipu nyumba nzima kwa siku tisa, akaisawazisha mpaka mtu angeweza kujiona.

Anayejua Hanang ameshashika kichwa. Ziwa lile ni la chumvi, na wafugaji huwapeleka ng'ombe wao huko makusudi wakalambe. Kila mtoto wa Balangdalalu anajua hilo. Lakini Bernadina hakuwa mtoto wa Balangdalalu.

"Kwetu Mbulu udongo ni udongo," anasema. "Unachimba nyuma ya nyumba, unakandika mbele ya nyumba. Sikuwahi kusikia mchanga una ladha."

Na majirani je, hawakumwambia? Swali hilo linamfanya Bibi Marieta acheke mpaka Sara anatikisika mgongoni. "Nani angemwambia? Alikuwa anakuja na mchanga saa ambazo sisi tuko shamba. Tulipoona ukuta umeshakuwa mweupe, tukasema huyu fundi wa Mbulu ni hatari, ametia na rangi!"

Mvua za Novemba zilipoanza, ukuta ulianza kutoa unga. Mwanzoni kidogo kwenye kona, baadaye kila mahali, kama umepakwa unga wa ugali. Lipu ikavimba, ikaanza kumeguka. Ng'ombe wakaanza kukataa kwenda malishoni asubuhi. Walijipanga kuizunguka nyumba, vichwa vimeelekea ukutani, kama watu walio kwenye foleni ya kulipia umeme wa luku.

Walianza na lipu, wakaingia kwenye tofali lenyewe. Aliyeongoza alikuwa ng'ombe mmoja mzee wa rangi ya kahawia, mwenye pembe moja iliyoinamia jicho. Jina lake Sukari, lakini anachopenda ni chumvi.

"Asubuhi moja ya Januari nimeamka, niko kitandani nasali," anakumbuka Bibi Marieta. "Nasikia mtu anakwaruza. Nikageuka. Nikaona ulimi."

Ulimi?

"Ulimi umeingia ndani. Ng'ombe yuko nje."

Habari ile ilitembea mpaka Katesh, ikapanda mlima mpaka Mbulu. Bernadina alipopigiwa alizima simu siku mbili. Akapewa jina, Fundi Chumvi. Akipita sokoni alisikia watu wakiulizana kama nyumba yake inaliwa na ugali au na wali.

Kazi zikakauka. Fundi aliyekuwa akipata shilingi elfu ishirini na tano kwa siku akawa anafua nguo za watu kwa elfu tatu. "Kilichoniuma si jina," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti inashuka. "Kilichoniuma ni yule bibi. Alinipa nyumba ya mume wake, mimi nikaifanya chakula cha ng'ombe."

Mwaka mmoja baadaye, kwenye mnada wa Katesh, Bernadina alisimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa amepanga mafungu ya kitu cheupe juu ya gunia. Aliinama, akakishika. Aliutambua mchanga ule kwa vidole kabla ya macho.

"Huu unauza wa nini, dada?" akauliza.

"Wa ng'ombe. Wewe una ng'ombe wangapi?"

"Sina. Nina nyumba."

Mama yule, Paskalina, mkusanyaji wa chumvi ya ziwani kwa zaidi ya miaka ishirini, alimwangalia juu mpaka chini. "Usiniambie wewe ndiye yule fundi!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alipoona mwenzake analia, akamsogezea ndoo akae na akamkatia muwa.

Hapo ndipo kazi ya leo ilipoanzia, kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya mnada. Bernadina alitaka kujua kitu kimoja tu. Chumvi ikishaingia kwenye ukuta, inaweza kutoka?

"Nikamwambia inatoka, mbona sisi ndiyo kazi yetu," anasema Paskalina, ambaye leo naye yupo hapa, amekaa kwenye toroli lililolala ubavu na mikono imepauka mpaka kwenye viwiko. "Chumvi haitembei yenyewe, inabebwa na maji. Jua likikausha maji juu, chumvi inabaki juu. Basi, ukuta nao uufanyie hivyo hivyo. Ulowanishe, uupake tope zito la mfinyanzi. Maji yatatoka kupitia kwenye tope, chumvi itabaki mle mle kwenye tope. Likikauka unabandua, unatupa mbali. Unarudia. Unarudia tena."

Walijaribu kwanza nyuma ya jiko la Paskalina, kwenye kipande cha ukuta kisichozidi urefu wa kitanda. Mkaguzi alikuwa mbuzi. Mara ya kwanza mbuzi alilamba, ya pili akalamba, ya tano akalamba kidogo na kuondoka. Walipofika mara ya saba mbuzi alipita kama hajauona.

Katika majaribio hayo Bernadina alijifunza kuonja. Alianza kwa aibu, akiangalia kama kuna mtu. Sasa akipewa mchanga kiganjani anaweza kusema kama umetoka ziwani, mtoni au kwenye korongo la mlimani. Akiwa na shaka huuloweka kwenye chupa ya maji, humimina maji yale juu ya bati jeusi na kuyaacha juani. Yakiacha duara jeupe, mchanga ule hauingii kwenye nyumba ya mtu.

Agosti mwaka huu, Sara akiwa mgongoni, Bernadina alipanda basi mpaka Katesh na bodaboda mpaka mlangoni kwa Bibi Marieta. Alikuwa na mwiko, brashi ya waya na mfuko wa nguo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule fundi. Nimekuja kuurudisha ukuta wako."

Bibi Marieta aliutazama ukuta. "Ulienda nao wapi?"

Wanawake hao wawili wakisimulia sehemu hii wanashindana kucheka. Ila siku ile, bibi anakiri, alitaka kumfukuza. Kilichomzuia ni mtoto. "Nikasema, mtu aliyekuja kudanganya habebi mtoto njia yote hiyo. Nikamwambia nipe huyo mtoto, wewe ingia kazini."

Kazi imechukua wiki sita, na Bernadina hakudai malipo ya mikono yake. Aliuza magunia mawili ya maharage ya Tlawi apate nauli na vifaa. Alibandua lipu yote ya zamani. Yeye na Paskalina wakapaka tope na kulibandua, wakapaka na kulibandua, mara saba kwa kila ukuta, toroli baada ya toroli likimwagwa kwenye shimo nyuma ya ua. Matofali yaliyoliwa yalitolewa moja moja, yakatengenezwa mengine ya udongo uleule kwa kibao cha kufyatulia cha Mzee Yohanes, kilichokutwa darini kikiwa kizima.

Lipu mpya haina saruji. Ni udongo mwekundu, mchanga wa mtoni, samadi na mabua ya ngano ya Basotu yaliyokatwa vidogo kama kidole. Chini ya ukuta amezungusha mawe ili maji ya mvua yasidunde juu. Bati limeongezwa mbele kwa kiasi cha mkono mmoja.

Kitu kimoja tu hakukigusa. Ni mwimo wa mlango wa mbele, nguzo ya mti mgumu uitwao loliondo ambayo Yohanes aliichonga kwa shoka. Kwenye usawa wa bega umeingia ndani, umelika na kulainika kama kijiko. Chini zaidi, usawa wa nyonga, kuna kishimo kingine kidogo.

"Nilimwambia fundi autoe ule mti, aweke fremu ya chuma," anasema Sylvester, anayewasili saa nane mchana na pikipiki. Ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, shati limepigwa pasi, mwenye haraka. "Akanijibu mti ni mzima. Mzima! Una umri mkubwa kuliko mimi."

Sylvester si mtu mbaya. Anasema na anamaanisha. "Mama amelala nyumba ina tundu la ulimi wa ng'ombe. Watu Katesh wananiuliza, wewe una duka, mama yako anaishi wapi? Mnataka nijibu nini? Nataka akae kwenye nyumba ya tofali la kisasa, yenye dirisha la kioo. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa huna, baba," anajibu mama yake kutoka kivulini. "Una matofali tu."

Kufikia saa kumi na nusu uwanja umejaa. Kuna watu wamekuja kutoka vitongoji vya jirani, wengine na viti vyao. Jirani Nicodemo, mmoja wa mashahidi wanne, amewekeana dau la kreti ya soda na shemeji yake. Yeye yuko upande wa ng'ombe, anasema wataila lipu.

"Fundi!" anapaza sauti. "Mara hii umetia na pilipili?"

"Njoo uonje, shemeji," Bernadina anamrudishia. "Kuna sehemu nimekuachia."

Uwanja unacheka, lakini mikono ya Bernadina haitulii. Anaufuta mwiko ulio safi. Anamchukua Sara, anamrudisha kwa bibi, anamchukua tena. Akishindwa leo, anasema kwa sauti ya chini, hatarudi tena kwenye ufundi. Ataacha mwiko hapa hapa.

Sylvester anakwenda kwenye rundo lake, anafungua kamba na kulivuta turubai ahesabu matofali, maana Jumatatu mafundi wake wanakuja mapema. Upepo unalichukua turubai na kulitupa kwenye miba. Hajisumbui kulirudisha.

Kengele zinasikika kwanza, halafu vumbi, halafu pembe.

"Kaeni mbali," anaagiza Bibi Marieta. "Mtu asiwaite, mtu asiwafukuze. Waachieni nyumba yao."

Ng'ombe wanaingia kwa fujo, wana kiu ya chumvi ya siku saba. Sukari yuko mbele. Haangalii mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa chumba cha bibi, mahali pale pale pa tundu la zamani, kama mteja anayejua meza yake.

Ananusa. Watu mia hivi wamenyoosha shingo.

Ulimi unatoka, mrefu, wa kijivu. Unapita juu ya lipu mara moja, fyaa, kutoka chini mpaka juu.

"Amelamba!" anaruka Nicodemo.

"Ameonja," anasema Bibi Marieta kwa ukali. "Kwani wewe ukipewa uji huuonji kwanza? Tulia!"

Sukari amesimama. Anatafuna hewa. Anapuliza puani mpaka vumbi linaruka, kisha anageuza kichwa na kuondoka. Mwingine anakuja, ananusa, anaondoka. Watatu wanazunguka nyuma ya nyumba, na watoto wanaokimbia kuchungulia wanarudi wakipiga kelele kwamba hakuna, hakuna, hakuna!

Bernadina ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bado hacheki.

Halafu Sukari anafika mlangoni, anasimama na kuanza kulamba. Halambi mara moja. Analamba kwa bidii, kwa uchu, macho nusu yamefumbwa, kama siku zile za Januari.

Sylvester anashusha pumzi. "Mmeona," anasema taratibu, na kwa kweli sauti yake haina ushindi. "Mmeona wenyewe. Pole, Mama."

Lakini Bernadina ameshakimbia. Anapenya kati ya kwapa la ng'ombe na ukuta, anaweka ulimi wake kwenye lipu ya pembeni mwa mlango. Mtamu. Anainama chini. Mtamu. Anamsukuma Sukari pua na kulamba pale pale anapolamba yeye.

Anageuka. Uso wake wote umebadilika.

"Si ukuta! Ni mti! Ni mwimo! Kaka Sylvester, njoo uone, analamba mti!"

Sylvester anakwenda. Anatazama ulimi wa ng'ombe ukiingia kwenye kile kishimo cha usawa wa bega, kilicholainika kama kijiko.

"Mti una chumvi ya wapi?" anauliza.

Anayemjibu ni mama yake, aliyesogea na Sara mgongoni. "Ya baba yako. Miaka arobaini akitoka shamba anaegemea hapo avue viatu. Jasho lote la huyo mzee liko hapo." Anaonyesha kile kishimo cha chini. "Na hicho ni chako na wadogo zako. Mlikuwa mnashika hapo mkijikung'uta miguu niwaruhusu kuingia."

Sylvester ananyoosha mkono wa mtu mzima na kuuweka kwenye kishimo cha bega. Unakaa sawasawa.

Huenda angekaa hivyo mpaka jua lizame. Ila nyuma yake Paskalina amepiga ukelele, na uwanja mzima umegeuka.

Ng'ombe kumi wako kwenye matofali.

Wamejipanga pande zote za rundo, vichwa vimeinama, mikia inacheza, ndimi zinakwenda na kurudi juu ya matofali ya kisasa ya Sylvester. Mmoja amepanda na miguu ya mbele apate ya juu. Sukari anasikia sauti za wenzake, anauacha mwimo na kukimbia, ng'ombe mzee vile, akisukumana apate nafasi.

Inachukua muda kidogo watu kuelewa. Kisha Nicodemo anaanguka chini kwa kicheko, na kuanzia hapo hakuna anayesikika. Kina mama wanapiga vigelegele. Shemeji yake Nicodemo anadai soda.

"Aliyeyafyatua alikuuzia bei nafuu, eti?" Bernadina anamuuliza Sylvester, akijifuta machozi.

"Nafuu sana," anakubali Sylvester. "Akasema amepata mchanga mzuri. Mweupe. Bure."

"Kama wangu!"

"Kama wako."

Paskalina anaulizwa kama alijua. Anakung'uta sketi, anatazama mlima. "Niliyaonja Alhamisi jioni."

"Na ukanyamaza?" Bernadina anamgeukia. "Mimi siku mbili silali!"

"Mdogo wangu, ningesema mimi, Sylvester angesema tumepanga. Nikaona niwaache ng'ombe waseme."

Saa nzima iliyokubaliwa inakwisha jua likiwa limegusa mlima. Mashahidi wanne wanazunguka nyumba, Nicodemo akiwa mbele, na kila mmoja anapitisha kiganja ukutani. Hakuna palipolika. Nicodemo, kwa hiari yake mwenyewe na mbele ya watu, analamba kidogo na kutangaza kwamba hakuna kitu, ni udongo tu.

Nyumba inabaki.

Sylvester anawapigia mafundi wake simu wasije Jumatatu. Anasema kioo cha dirisha atakileta bado, kama mama atakubali. Mama anakubali, kwa sharti kwamba fundi wa kukifunga ni huyu huyu. Matofali yataondolewa, yatafukiwa kwenye shimo lile lile la tope la chumvi.

"Na fundi," Sylvester anaongeza akiwa tayari amewasha pikipiki, "pale dukani kwangu Katesh ukuta wa nyuma umeanza kutoa unga mweupe. Nilidhani ni chokaa."

"Umeulamba?"

Anacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Nikifika."

Bernadina sasa anakaa kwenye jiwe, miguu ameinyoosha. Simu yake imeita mara nne, mbili kutoka vijiji vilivyo upande wa pili wa ziwa. Katika wiki sita hizi, kila alipokwenda kuchota maji, alikuwa akihesabu nyumba zenye unga mweupe. Amefika kumi na saba. Anataka, yeye na Paskalina, wazimalize kabla ya masika, na kila wanapoingia wamfundishe kijana au mama mmoja wa hapo kuonja mchanga kabla ya kuuleta nyumbani. Wameshaafikiana jina la kazi yao. Litaandikwa kwenye toroli kwa rangi nyekundu: Fundi Chumvi.

"Walinipa bure," anasema. "Silirudishi."

Mwakani nyumba hii inatimiza miaka hamsini, na Bibi Marieta ameshatangaza kwamba kutakuwa na pilau. Bernadina ameahidi kushuka kutoka Tlawi. Kufikia siku hiyo Sara atakuwa anatembea, anakimbia, anaingia na matope kama watoto wote.

Bernadina anainuka, anamchukua mwanawe kutoka mgongoni mwa bibi na kumsimamisha mlangoni, akimshikilia kiunoni. Mtoto anayumba. Anatafuta pa kujishikilia. Mkono wake unakipata kile kishimo cha chini, bado kimelowa mate ya ng'ombe yaliyotiririka kutoka juu, na kukishika.

"Hapo hapo," anasema Bernadina. "Nataka naye aache chumvi yake."